Mlango wa Maabara Unaotazama Dilolo

Vyuo vikuu vikubwa vina desturi ya kutenga siku moja katika mwaka ambapo maabara hufunguliwa kwa kila anayetaka kuingia. Wanafunzi wa uzamivu hubandika mabango ukutani, profesa husimama kando ya darubini akijibu maswali ya watoto wa shule, na mzazi aliyekuja kumwona mwanawe hujikuta ameinama kutazama seli ya hamira ikigawanyika kuwa mbili, kisha nne, kisha nane. Katika idara za biolojia ya mifumo siku hiyo ni ngumu kuliko kwingine, kwa sababu elimu yenyewe haishikiki. Mwalimu wa anatomia ana mfupa wa kukukabidhi mkononi, na mtaalamu wa mimea ana jani. Anayechunguza mifumo anakuonyesha uhusiano tu: hiki kikipanda kile kinashuka, na kile kikishuka cha tatu kinaamka.

Kwa jina, elimu hiyo ni changa. Mwanabiolojia Leroy Hood na wenzake walifungua taasisi yao Seattle mwaka 2000, katika mwaka uleule ambao rasimu ya kwanza ya jenomu ya binadamu ilitangazwa, na Harvard ikaanzisha idara yake katika shule ya tiba mwaka 2003. Kwa wazo ni ya zamani zaidi. Mwaka 1960 Denis Noble, akiwa bado kijana London, alitumia kompyuta ya enzi zile kuonyesha kwa hesabu jinsi seli ya moyo inavyodunda pasipo kuwa na sehemu hata moja ndani yake inayotoa amri ya kudunda. Mdundo unazaliwa na potasiamu na sodiamu zinazopishana kwenye utando wa seli, kila moja ikiathiri mwendo wa mwenzake. Miaka arobaini baadaye, orodha ya jeni ilipokaribia kukamilika, wanasayansi wengi wakafika hapohapo alipokuwa Noble: orodha ya vitu vyote vilivyomo mwilini haikuambii mwili unaishije.

Mimi naitafakari siku hiyo ya milango wazi kutoka Dilolo. Huu ni mji wa mwisho wa Kongo kwenye reli iendayo Lobito. Ukivuka mpaka umefika Luau, Angola. Ardhi ni mchanga wa Kalahari, chakula ni mihogo, na Walunda na Wachokwe wa upande huu wana shangazi na wajomba upande ule. Ziwa lenye jina la Dilolo limeangukia Angola. Livingstone alilipita miaka ya 1850, akatambua kwamba katika nyanda hizi tambarare maji yanaachana njia, mengine yakienda Kasai na hatimaye mto Kongo, mengine yakishuka Zambezi. Kolwezi iko mashariki yetu, zaidi ya kilomita 400 kwa reli. Migodi ya shaba na kobalti, ile inayoifanya Kongo itoe zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, iko huko.

Mtu anaweza kuuliza mji usio na mgodi wa shaba una neno gani katika habari hii. Unalo. Ninaamini kwamba biolojia ya mifumo haitastahili jina lake hapa mkoani Lualaba mpaka ifungue mlango kwa pande mbili kwa pamoja: kwa watu waliolishwa vumbi la migodi, na kwa watu wa mbali wanaohitajika ili madhara ya vumbi hilo yajulikane. Pande zote mbili zimetoa, au zitatakiwa kutoa, damu na mkojo wao. Zote mbili zina haki ya kuambiwa kilichoonekana.

Tuanze na kilichokwisha kutolewa. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga, tangu watoto wadogo hadi wazee. Wengi walikuwa wakazi wa kawaida wa mitaa na vijiji vya ukanda wa madini, wengine wakiishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye mgodi au kiwanda cha kuyeyushia mawe. Kati ya hao 351, watu 40 walikuwa wa vijiji vilivyo kama kilomita 400 kutoka huko, wawe kipimo cha kulinganishia. Kiasi cha kobalti kilichopatikana kwa wale wa karibu kilikuwa kikubwa kuliko chote kilichowahi kuripotiwa kwa wakazi wa kawaida popote duniani. Utafiti mwingine, wa mwaka 2014, ukafuatilia njia ambazo kobalti inapitia: mboga za majani, unga, samaki, maji, vumbi la uani. Kwa mtu mzima sehemu kubwa ilikuja na chakula. Kwa mtoto anayetambaa na kutia mikono kinywani, vumbi lilikuwa na uzito wake. Kwa maneno mengine, sahani ya bukari na mboga ya lengalenga iliyopikwa kwa usafi wote na mama mwenye bidii ilikuwa tayari imebeba sehemu ya mgodi.

Halafu ikaja Kasulo. Mwaka 2014, katika mtaa huo wa Kolwezi, iligundulika kwamba mawe ya kobalti yamelala chini ya nyumba zenyewe. Kwa muda mfupi watu walichimba ndani ya viwanja vyao, wengine ndani ya vyumba walimolala, na udongo uliotolewa shimoni ukamwagwa mlangoni ambapo watoto hucheza. Banza na Nemery walirudi wakapima watu 72 wa mtaa huo, 32 kati yao wakiwa watoto, na watu 25 wa mtaa mwingine usio na mashimo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mkojoni kama mara kumi ya wenzao wa kwingine, na kulikuwa na dalili kwamba vinasaba vyao vilikuwa vikipata madhara. Wakati huo sehemu ya mtaa ilikuwa imekwisha kugeuzwa mgodi wenye uzio, na waliokuwa wakiishi hapo wamehamishwa.

Namba hizi zimesomwa Brussels, Washington na Beijing. Zimetajwa katika ripoti za kampuni za simu na za magari. Swali langu ni zilisomwaje Kasulo kwenyewe, na nani alikaa na mama wa mtoto mmoja akamweleza namba ya mtoto wake inasema nini na haisemi nini. Hapo ndipo elimu ya mifumo inapohitajika, maana habari ya kobalti mwilini haifupishwi kwa neno moja la sumu.

Mwili unaitaka kobalti. Dorothy Hodgkin alipomaliza kuchora umbo la vitamini B12 mwaka 1956, kazi iliyochangia tuzo yake ya Nobel ya mwaka 1964, katikati ya umbo hilo ilionekana wazi kwamba pamekaa atomu moja ya kobalti. Bila B12 hatuwezi kutengeneza damu wala kulinda mishipa ya fahamu. Lakini kiasi hicho ni kidogo mno, na kinatufikia kikiwa kimefungwa ndani ya vitamini. Kobalti ya vumbi inakuja peke yake, na inapofika utumboni inatumia njia ya wengine. Ukutani mwa utumbo kuna protini iitwayo DMT1 ambayo kazi yake kubwa ni kuingiza madini ya chuma. Protini hiyo haichagui sana: inapitisha pia kobalti, inapitisha na manganizi. Mwili unapopungukiwa na chuma huongeza idadi ya protini hizo ili usipoteze hata chembe ya chuma inayopita. Chuma kisipopita cha kutosha, kobalti inaingia badala yake.

Sasa watazame watoto wawili wa ua mmoja. Wanakula sufuria moja, wanacheza vumbi moja. Mmoja amepata malaria mara kadhaa, ana safura, damu yake imepungua. Mwenzake ana chuma cha kutosha. Yule wa kwanza atafyonza kobalti nyingi zaidi. Mama yao mwenye mimba, ambaye chuma chake kinagawanywa na mtoto aliye tumboni, yuko upande wa yule wa kwanza. Anayepima vumbi tu ataona hatari yao ni sawa. Anayepima damu tu atashangaa kwa nini haiko sawa. Jibu liko kwenye mbu, kwenye minyoo, kwenye bei ya nyama na maharage sokoni, na kwenye kile kiasi cha chuma ambacho mama alikuwa nacho kabla ya kushika mimba.

Ikishaingia kwenye seli, kobalti inaharibu mawasiliano. Seli zetu zina protini iitwayo HIF ambayo ndiyo inayotoa taarifa kwamba hewa imepungua. Hewa inapotosha, vimeng'enya vinavyotumia oksijeni na chuma huitia HIF alama, nayo huvunjwa mara moja. Kwa kuieleza kazi hiyo watu watatu, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Nobel mwaka 2019. Kobalti inavizuia vimeng'enya hivyo. HIF haivunjwi, inarundikana, na seli inaishi kama seli ya mtu aliye juu ya mlima mrefu ilhali mwenyewe amekaa Kolwezi kwenye hewa ya kutosha. Figo zinatoa homoni, uboho unaongeza chembe nyekundu, damu inakuwa nzito. Kwa sababu hiyohiyo madaktari wa katikati ya karne iliyopita waliwapa kobalti wagonjwa waliopungukiwa damu, na wengi walipata nafuu, ingawa baadhi yao walivimba tezi ya shingo.

Kuna kisa kimoja ambacho ningekipa bango kubwa kuliko yote katika siku ya milango wazi. Mwaka 1965 na 1966, katika mji wa Quebec huko Kanada, wanywaji wakubwa wa bia walianza kufika hospitalini wakiwa na mioyo iliyopanuka na kudhoofika. Karibu 50 waliugua, na 20 wakafa. Kiwanda cha bia kilikuwa kimeanza kutia chumvi za kobalti ili povu likae. Visa vya namna hiyo vilionekana Omaha na Minneapolis nchini Marekani, na Leuven nchini Ubelgiji, mji uleule ambao leo wataalamu wake wanapima mkojo wa Katanga. Kilichowasumbua wachunguzi kilikuwa hesabu. Kobalti waliyokunywa walevi wale ilikuwa ndogo kuliko ile waliyopewa wagonjwa wa upungufu wa damu, na wagonjwa wale mioyo yao haikufa. Tofauti ilikuwa nini? Walevi walikuwa wakila vibaya, protini ilikuwa kidogo, na pombe ilikuwa imekwisha kuudhoofisha moyo. Kobalti ilihitaji wenzake ili iue.

Hapo nasimama kidogo, kwa kuwa kisa hiki kinatuhusu kuliko kinavyowahusu watu wa Quebec. Kiwango cha usalama kilichowekwa kwa mfanyakazi wa kiwandani Ulaya, mtu mzima mwenye afya, anayekula nyama, anayerudi nyumbani jioni na kuliacha vumbi nyuma yake, hakiwezi kuwekwa hivihivi juu ya mtoto wa Kasulo mwenye malaria. Na hakiwezi kuwekwa juu ya mchimbaji anayeshinda shimoni na pombe ya lutuku kidogo tumboni bila chakula. Kupima kobalti peke yake na kunyamaza kuhusu hayo mengine ni kazi nusu.

Basi ndiyo maana Dilolo inaingia. Ili ujue kobalti inafanya nini, lazima uwe na watu wanaofanana na wale wa Kolwezi kwa lugha, kwa chakula, kwa malaria, kwa umaskini, lakini wasio na kobalti. Utawatafuta mbali na migodi. Utaangalia ramani, na kidole chako kinaweza kutua hapa, kwenye mchanga huu. Utatuita kundi la kulinganisha. Nimeona mara nyingi jinsi kundi hilo linavyotajwa katika maandishi ya kitaalamu: mstari mmoja, idadi, umri, basi. Watu hao hawaumwi ugonjwa unaochunguzwa, kwa hiyo hakuna anayedhani wana swali.

Tunalo. Nani kasema sisi ni safi? Upande wetu huu wa magharibi ya Lualaba kuna Kisenge, na Kisenge ni manganizi. Mawe yake yalikuwa yakipita hapa kwa reli hadi Lobito tangu enzi ya Wabelgiji. Vita vya Angola vilipoikata reli ya Benguela mwaka 1975, manganizi ilikosa njia ya bahari, na malundo ya mawe yaliyokwisha kuchimbwa yakabaki yamekaa. Manganizi ni ndugu wa kobalti katika ile njia ya chuma niliyoitaja. Nayo inapita zaidi kwa aliyepungukiwa na chuma. Inapozidi huelekea ubongoni. Tangu mwaka 1837 daktari wa Uskoti aitwaye James Couper aliwaelezea wasagaji wa manganizi ambao miguu yao ilikuwa dhaifu na mwendo wao wa kuyumba, na baadaye ikaonekana kwamba sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo ndizo zinazoumia. Kwa hiyo mtafiti atakayekuja Dilolo kuchukua watu wasio na madini, akilinganisha mkojo wa Kolwezi na mkojo wa kwetu kwa kobalti tu, anaweza kuondoka na mizani iliyokwisha kupinda.

Siyatungi haya kwa ajili ya mabishano. Mwaka 2020 watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walitoa matokeo kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro za viungo mjini Lubumbashi: watoto 138 wenye kasoro na 108 wasio nazo, waliozaliwa kati ya mwaka 2013 na 2015. Walipima mkojo wa mama, damu ya kitovu, kondo la nyuma. Wengi walitazamia kwamba kobalti ndiyo ingeonekana mkosaji. Jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi lilikuwa kazi ya baba: mtoto ambaye baba yake alifanya kazi ya madini alikuwa na uwezekano wa kupata kasoro wa takriban mara tano na nusu, hesabu yenye mpaka mpana wa shaka kwa kuwa kina baba hao hawakuwa wengi. Na kati ya metali zilizopimwa, manganizi katika damu ya kitovu ilionyesha uhusiano ambao kobalti haikuuonyesha. Hakuna anayeweza bado kusema kwa hakika vumbi la baba linafikaje kwa mtoto, kama ni kwa mbegu yake, kwa nguo anazorudi nazo, au kwa yote mawili. Lakini tazama jinsi swali lilivyohama: kutoka kwa mama hadi kwa baba, kutoka kobalti hadi manganizi. Hivyo ndivyo utafiti mwema unavyofanya. Na habari kama hiyo, inayowagusa kina baba wote wa kariere, yaani wa machimboni, ndiyo inayostahili kuelezwa ana kwa ana kabla haijafika mtaani ikiwa imegeuka kuwa kashfa au laana ya ukoo.

Maana damu katika nchi yetu ina historia yake. Wazee wa Katanga walikuwa wakitishiana kwa mutumbula, yule mtu wa usiku wa enzi ya ukoloni aliyesemekana kuwakamata watu kwa ajili ya Wazungu. Pwani ya Kenya na Tanganyika walikuwa na mumiani. Wanahistoria wameandika vitabu juu ya hofu hizo, na wanakubaliana kwamba hazikuwa ujinga: zilikuwa njia ya watu kusema kwamba kuna kitu kinachukuliwa kutoka kwao na hawaelezwi kinakwenda wapi. Mtu anayekuja na chupa, sindano na gari jeupe, akaondoka na asirudi, anaingia katika hadithi hiyo hata kama ni mwema.

Kilifi, kwenye pwani hiyo ya Kenya, wamelifanyia kazi jambo hili. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kiko hapo tangu mwaka 1989, katikati ya wakazi zaidi ya 250,000 ambao kuzaliwa, kuhama na kufa kwao kunaandikwa. Uvumi wa damu ulikuwapo: inauzwa, inapelekwa kwa mashetani. Wakaunda mtandao wa wawakilishi waliotoka vijijini wenyewe, wakafanya mikutano ya baraza, na wakawaingiza wanakijiji maabara waone jokofu, waone chupa, waulize kiasi kinachochukuliwa kinatosha kijiko kipi. Uvumi haukuisha siku moja. Lakini maswali yalianza kuulizwa mbele ya watafiti badala ya kusemwa nyuma yao, na namna ya kuomba ridhaa ikabadilika kwa sababu ya maswali hayo. Hiyo kwangu ndiyo siku ya milango wazi, ingawa haikuwa siku moja wala haikuhitaji mabango mazuri.

Na sisi Wakongo tuna wa kumtaja. Mwaka 1976 daktari Jean-Jacques Muyembe alikwenda Yambuku akachukua damu ya wagonjwa wa homa isiyojulikana. Sampuli zikasafiri hadi Antwerp, na kwa miaka mingi sifa ya kugundua Ebola ikaandikwa kwa majina ya wengine. Mwaka 2019 alisema wazi kwamba sampuli za Kongo zitabaki Kongo, na mwaka uliofuata jengo jipya la taasisi yake ya utafiti lilifunguliwa Kinshasa kwa msaada wa Japani. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila kubaki Kinshasa, au Lubumbashi, hakutoshi. Kutoka Kinshasa hadi Dilolo ni mbali kama Antwerp kwa mtu asiye na nauli.

Ningependa nieleze siku ya milango wazi ingekuwaje kwetu. Mlangoni ningeweka mimea kabla ya mashine. Vilima vya shaba vya Katanga, kuanzia Kolwezi hadi Fungurume na Lubumbashi, vina maua yasiyoota penginepo duniani, na zaidi ya aina thelathini zinajulikana kuwa za udongo wa shaba na kobalti tu. Kuna Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa maua unaoota pale udongo ulipojaa shaba. Wanaakiolojia waliufuata wakakuta chini yake tanuru za wafua shaba wa zamani, kwa kuwa mabaki ya kazi yao bado yamo ardhini. Kuna Crotalaria cobalticola, ambayo jina lake la kitaalamu limeibeba kobalti yenyewe. Profesa François Malaisse alitumia sehemu kubwa ya maisha yake Lubumbashi kuandika habari zao. Mimea hiyo imeishi na sumu kwa vizazi vingi, na namna inavyoizuia au kuihifadhi kwenye majani ni somo ambalo mtoto wa shule ya Kolwezi anaweza kuligusa kwa mkono. Mingi iko hatarini, kwa sababu kilima kinachoibeba ndicho mgodi unachokitaka.

Baada ya mimea, namba. Kila familia iliyotoa mkojo ipewe karatasi yake, na mtu wa kuisoma pamoja nayo, kwa Kiswahili chetu, kwa Kilunda, kwa Kichokwe. Papa wa kariere aulize kama akivua nguo za kazi nje ya nyumba kuna kitakachopungua kwa mtoto. Mama anayesafisha mawe mtoni aulize kama kutibiwa upungufu wa chuma kutapunguza kobalti inayoingia. Haya si maswali madogo. La pili linatoka moja kwa moja kwenye ile protini ya utumbo, na linaweza kupimwa Kolwezi kwa gharama ndogo kuliko mitambo mingi ninayoiona kwenye picha za maabara. Kuosha mboga, kumwaga maji uani vumbi litulie kabla ya kufagia, kutibu safura: kila moja ni jaribio linalongoja mtafiti, na wanaoweza kulipanga vizuri ni wale wanaoishi humo.

Najua wapo watakaosema mtaani hawataelewa mabango ya biolojia ya mifumo. Mimi naona kinyume. Mkulima wa Dilolo anayejua kwamba mvua ikichelewa viwavi wa kuliwa wanapungua, na wakipungua mboga ya watoto inapungua, anafikiri kwa mifumo kila msimu. Kinachomzuia kuuelewa utafiti ni lugha ngeni na mlango uliofungwa, na vyote viwili vinarekebishika.

Umbali nao umeisha. Reli ya Angola ilikarabatiwa, na tangu mwisho wa mwaka 2023 shaba ya Lualaba imeanza tena kupita Dilolo kwenda Lobito, huku salfa ya viwanda vya tindikali ikija kwa njia hiyohiyo kuelekea migodini. Ule ukanda wa madini uliokuwa mashariki yetu sasa unapita karibu na mashamba yetu. Watu walioweza kuwa kundi la kulinganisha jana watahitaji kulinganishwa na wao wenyewe walivyokuwa kabla ya treni, na kazi hiyo ina muda wake: kipimo cha kabla hakipatikani baadaye. Mkojo na damu za Dilolo zingepimwa mwaka huu, pamoja na udongo wa kando ya reli, mihogo na maji ya visima, tungekuwa na mwanzo wa kuaminika. Tukisubiri miaka kumi, hatutakuwa nao.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha tangu mwaka 1956, Kolwezi nayo ina chuo kikuu chake, Leuven wana vipimo, na treni inafika. Walimu wetu, njooni mpime Dilolo kabla vumbi halijakaa, na kwenye behewa lilelile mlete majibu ya Kasulo.